Jiko Katika Chumba cha Maombi

Mimi ndiye niliyeingiza jiko. Naliandika hilo mwanzo kabisa kwa sababu najijua: nikianza na hadithi ya baridi na mvua, nitazunguka mpaka nionekane mtu mwema. Sikuwa mtu mwema. Niliingiza jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, nikamzuia mtu aliyetaka kutoka, kisha daktari aliponiuliza nikamdanganya.

Jina langu sitalitaja. Nauza maziwa hapa Eldoret, nimeolewa, watoto wangu ni wakubwa. Nilizaliwa upande wa Ziwa, na nikiwa kanisani nilikuwa na cheo ambacho nilikipenda kuliko nilivyokiri: nilikuwa mhudumu wa mlangoni.

Kama hujawahi kusali makanisa kama letu, nikueleze kazi hiyo. Maombi yakipanda, watu huanguka. Anayeanguka tunasema ameguswa. Kazi yangu ilikuwa kumdaka asigonge kichwa, kumlaza polepole, na kama ni mwanamke, kumfunika miguu kwa leso ili nguo isimwaibishe. Halafu unamwacha. Humwamshi, humnyunyizii maji, humwiti jina. Unamwachia Mungu amalize naye. Nilikuwa na leso zangu kadhaa, safi, zimepigwa pasi, na nilijivuna kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kugusa sakafu kabla ya mikono yangu.

Ijumaa tulikuwa na maombi ya kina mama, tangu asubuhi mpaka baada ya saa za chakula cha mchana, kwa kufunga. Tulisali katika chumba kidogo nyuma ya kanisa. Ni cha mabati, kina madirisha mawili madogo na mlango mmoja, na kati ya ukuta na paa palikuwa na mwanya uliopitisha upepo. Mwezi wa saba hapa kwetu si mchezo. Unaweza kumwona mwenzako akiomba na mvuke unamtoka mdomoni.

Mwanya ule niliuziba mimi. Nilitafuta magunia, nikapanda kwenye meza, nikayasokomeza pande zote. Madirisha nikayafunika kwa turubai kuukuu la mkutano wa injili. Mama mchungaji, mke wa mchungaji wetu, ndiye aliyeongoza maombi yale, na aliponiona alicheka akasema nitawafanya waokwe kama mkate. Lakini kuhusu jiko alikuwa amesema wazi kwamba likae nje, jikoni, tuwe tunatoka kuota moto kwa zamu.

Mimi sikutaka mambo ya zamu. Watu wakitoka, maombi yanapoa. Na hasa sikutaka Nafula atoke.

Nafula alikuwa jirani yangu, tukikaa ploti moja pale mtaa wa West Indies, mlango kwa mlango. Alikuwa fundi wa kushona, ametoka upande wa Bungoma, mumewe Barasa ni fundi wa ujenzi. Aliniita Mama, ingawa kwa umri ningeweza kuwa dada yake mkubwa tu. Alikuwa amekaa kwenye ndoa miaka bila mtoto, na maneno ya ukweni alikuwa ameyasikia ya kutosha. Mwaka jana akashika mimba. Tumbo likakua, likapita pale ambapo mimba zake za awali zilitoka, na sisi kina mama tukalichukua tumbo lile kuwa letu. Ijumaa moja ya mwezi wa saba tulipanga kumwombea yeye.

Asubuhi nilimpelekea uji nyumbani kwake, nikasimama mpaka akamaliza kikombe. Mama mchungaji alikuwa amekataza kabisa mwenye mimba kufunga, na mimi nilihakikisha. Kumbukeni uji huo, maana baadaye niliuficha pia.

Siku hiyo ilinyesha mvua ya mawe. Mama mchungaji alikuwa amechelewa, kwa hiyo mkubwa pale nilikuwa mimi. Niliwasha makaa nje, nikayapepea mpaka yakashika yote, mekundu, hayana hata uzi wa moshi. Nilijua, kama kila mtu anavyojua, kwamba jiko ndani ya nyumba ni hatari. Tunasikia kila msimu wa baridi. Lakini nilikuwa na majibu yangu. Nilijiambia wanaokufa ni wale wanaolala nalo, sisi tuko macho. Nilijiambia makaa yakishashika vizuri sumu imekwisha. Nikaweka na sufuria ya maji juu yake, kwa sababu tangu nikiwa msichana nimesikia kwamba maji huimeza ile hewa mbaya. Na chini ya majibu hayo yote kulikuwa na lingine ambalo sikulisema kwa sauti: kwamba ndani ya nyumba ya Mungu haliwezi kutupata.

Jiko nikaliweka katikati. Nafula nikamkalisha kwenye mto, karibu nalo kuliko wote, kwa sababu nilimpenda na sikutaka apate baridi. Nikasukuma gunia chini ya mlango, nikasimama nalo nyuma ya miguu yangu.

Chumba kikapata joto, kina mama wakavua makoti, tukaimba. Mama mchungaji alipofika aliliona jiko akanitazama. Nikamwonyesha mvua kwa kidole. Akatikisa kichwa, lakini alikuwa amelowa na anatetemeka, akaketi. Tangu hapo na yeye hakusema kitu.

Baada ya muda mwanamke mmoja alisema kichwa kinamgonga. Mwingine akasema hata yeye. Nikawaambia ni njaa ya mfungo, wavumilie. Kwa kweli hata mimi kilikuwa kinaniuma, lakini mimi nilikuwa naufungua mlango mara kwa mara kupokea waliochelewa, na kila nikifungua nilikuwa napata hewa kidogo. Wale wa katikati hawakuipata.

Nafula alikuja mlangoni akijishikilia ukutani.

"Mama, kichwa inaniuma vibaya. Na nasikia kutapika. Wacha nitoke nje kidogo nipate hewa."

"Sasa hivi? Ndio tunaanza kukuombea."

"Nitarudi tu. Dakika kidogo."

"Nafula, hiyo ni vita. Shetani anajua leo ni siku yako, ndio anakutoa. Ukitoka sasa utakuwa umemwachia. Rudi ukae."

Alinitazama. Hakuwa mtu wa kubishana na mkubwa. Akarudi kwenye mto wake, kando ya jiko.

Nimeandika maneno hayo jinsi nilivyoyasema. Kila siku nayasikia kwa sauti yangu mwenyewe, ile sauti ya kujiamini.

Tulianza kumwombea. Mama mchungaji akaweka mkono kichwani kwake, na Nafula akaanguka hata kabla maombi hayajapanda. Nilimdaka. Alikuwa mzito kwa namna ambayo sikuizoea, mikono inaning'inia, lakini chumba chote kilikuwa kinashangilia kwamba ameguswa. Nikamlaza. Nikamfunika leso. Nikarudi mlangoni kwangu.

Alilala pale huku sisi tunaimba.

Kilichoniamsha ni yule mwanamke aliyelalamika kwanza. Aliinama akatapika palepale sakafuni, akajaribu kusimama miguu ikakataa. Halafu wa pili akaketi chini bila kupenda. Hapo ndipo nilipolitazama jiko. Nililijua jambo lile dakika ile ile, bila kuambiwa na mtu.

Na ona nilichofanya. Sikupiga kelele. Sikusema jamani tokeni, ni jiko. Nilifungua mlango, nikalishika jiko kwa leso, nikatoka nalo kwenye mvua, nikamwaga ile sufuria ya maji juu ya makaa, nikalisukuma nyuma ya choo. Ndipo nikarudi nikisema, "Mama mchungaji, hewa imekuwa kidogo, tufungue." Nikang'oa turubai madirishani. Watu wakatoka wakishikana, wakakaa kwenye varanda la kanisa, na hewa baridi ikaanza kuwarudisha.

Nafula hakurudi. Nilimwita jina, kitu ambacho hatufanyi. Nilimpiga kofi shavuni. Alifungua macho lakini hayakunitazama.

Tulimpeleka hospitali kubwa kwa gari la mchungaji, kichwa chake mapajani mwangu. Nilikuwa naogopa vitu viwili. Cha kwanza ni kwamba atakufa. Cha pili ni kwamba nitajulikana. Ningependa kuwaambia kwamba hofu ya kwanza ilikuwa kubwa zaidi.

Daktari alikuwa kijana, amechoka, lakini aliuliza vizuri. Aliuliza alianza kuumwa saa ngapi, alikuwa analalamika nini. Mama mchungaji alikuwa nje akimpigia Barasa simu, kwa hiyo wa kujibu nilikuwa mimi.

"Mlikuwa ndani ya nyumba?"

"Kanisani, daktari. Tunaomba."

"Mlikuwa mmewasha jiko? Kuna mtu alikuwa anapika?"

Nikasema, "Hapana."

Akaniangalia. "Mama, una uhakika? Hii baridi watu wanawasha majiko ndani. Kama ni hiyo, matibabu yake ni tofauti, na mtoto tumboni anaumia kuliko mama."

Alinipa nafasi ya pili. Watu wangapi hupewa nafasi ya pili mikononi hivyo? Nikamwambia, "Hakukuwa na jiko, daktari. Tulikuwa tumefunga kula. Labda ni njaa."

Akaandika. Wakamwekea dripu ya sukari, wakampima presha. Aliamka jioni, akaniuliza kama maombi yaliisha vizuri.

Asubuhi yake walipotafuta mapigo ya moyo wa mtoto hawakuyapata.

Sitaeleza alivyojifungua mtoto yule. Nilikuwa kwenye korido nikimsikia, na hilo nitalibeba mpaka nizikwe.

Sasa sikilizeni uongo wangu ulivyofanya kazi ukishatoka mdomoni. Barasa alikuja amevaa gumboot za saiti, amejaa simenti, akauliza imekuwaje. Akaambiwa mkewe alianguka kwa sababu ya kufunga. Akamgeukia Nafula pale kitandani.

"Nani alikuambia ufunge na uko na mtoto tumboni?"

"Sikufunga. Nilikunywa uji. Uliza Mama."

Wote wawili wakanitazama. Na mimi, niliyesimama pale mpaka kikombe kile kikaisha, nikasema, "Aliniambia atakunywa. Sikumwona akinywa."

Kwa nini? Kwa sababu kama hakufunga, basi sababu ingetafutwa kwingine. Nilihitaji ule mfungo. Mama mchungaji naye alinyamaza kuhusu jiko, nadhani aliogopa kama mimi, na hatukuwahi kulizungumza. Wale kina mama wengine walisema walilemewa na uwepo wa Mungu. Hakuna aliyekuwa na haja ya kujua zaidi.

Nafula alirudishwa kwao. Mama mkwe wake alisema hawezi kukaa na mtu aliyeua mjukuu wake kwa maombi ya kujionyesha. Cherehani ilibaki kwenye nyumba yao, na jioni nilimsikia Barasa akiisogeza huku na huku kama mtu asiyejua aweke wapi kitu. Niliogopa hata kukutana naye bombani. Nilikuwa nachota maji alfajiri ili nisimwone.

Baadaye Barasa alienda kumchukua, akarudi naye, amekonda. Nilidhani Nafula atanichukia. Angenichukia ningepumzika. Lakini alikuja kwangu jioni hiyo hiyo, akaketi kwenye kiti karibu na mlango, akauliza kwa sauti ndogo.

"Mama, ule uji niliunywa ama sikuunywa? Wameniambia mpaka mimi mwenyewe sijui."

Nilimwambia mambo ya Mungu hatuyaelewi yote. Hilo ndilo jibu nililompa.

Basi mwaka ukapita, baridi ikarudi. Siku moja baada ya ibada Mama mchungaji alitangaza kwamba Ijumaa tutarudi chumba cha nyuma, na kwamba wenye watoto wachanga sasa watakaribishwa. Sikumsikia akitaja jiko. Nilijiambia hatalitaja mtu. Sikufikiria kwamba, kwa kuwa nilificha ubaya wa jiko, kilichobaki vichwani mwa watu ni ule utamu wa joto.

Ijumaa hiyo nilichelewa, maziwa yalikuwa yamechelewa kuletwa. Niliingia kwenye uwanja wa kanisa nikakuta kina mama wachache wamesimama kwenye varanda, wawili wana watoto mgongoni. Na kando, chini ya paa la jikoni, Nafula amechuchumaa anapepea makaa.

"Mama, umefika. Leo wewe pumzika. Mwaka jana ulituwekea joto, leo ni mimi naweka."

Akainuka kwa kujishika kiuno, na hapo koti likafunguka nikaona alichokuwa amekificha ndani yake. Alikuwa na mimba tena. Mimi jirani yake, mlango kwa mlango, sikuwa nimejua, kwa sababu nilikuwa nimezoea kutomtazama.

Alivuta leso akalishika jiko masikioni akaanza kutembea kwenda chumbani. Magunia yangu bado yalikuwa kule juu. Hakuna aliyeyatoa.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, hata hospitalini. Nilikimbia, mwanamke mzima wa umri wangu, nikalipiga jiko teke mikononi mwake. Makaa yakamwagika kwenye matope yakalia. Wenye watoto wakarudi nyuma. Nafula akanishangaa.

"Mama, unafanya nini?"

"Ni jiko," nikasema. "Haikuwa kufunga. Ulikunywa uji, nilikuona ukimaliza. Ni jiko ndilo lilikuangusha. Mimi ndio niliingiza."

Mvua ilikuwa imeanza tena na hakuna aliyesogea. Nafula alikuwa ameweka mkono tumboni. Aliniuliza polepole, kama anayepima kitambaa kabla ya kukata.

"Wakati nilikuomba nitoke nje, ulikuwa unajua?"

"Hapana. Nakuapia sikuwa najua."

"Na kule hospitali? Daktari akikuuliza?"

Hapo nilikuwa na nafasi nyingine ya kudanganya, na ulimi wangu, jamani, ulikuwa tayari.

"Hospitali nilikuwa najua," nikasema.

Hakulia. Hakunipiga, ingawa nilisimama karibu ili akitaka aweze. Alisema tu, "Jumatatu niko na kliniki. Utakuja na mimi. Utamwambia daktari mwenyewe, na Barasa akiwa hapo."

Tukaenda. Barasa aliketi katikati yetu kwenye benchi. Daktari alikuwa mwingine, mama wa makamo, na nilimweleza yote: mwanya, turubai, gunia, sufuria ya maji, yule kijana aliyeniuliza mara mbili. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema ile hewa ya makaa haina harufu na huioni, na sufuria ya maji haifanyi kitu, na makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya watu. Alisema kwa ile mimba ya mwaka jana hawezi kuapa, hakuwepo, lakini kwa alichosikia hiyo ndiyo sababu angeifikiria kabla ya nyingine yoyote.

Nafula akamuuliza, "Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe, mama."

Ndipo Nafula alipolia. Barasa alimshika mkono, akatazama sakafu. Kisha akageuka kwangu, na nilijikunja nikingoja. Alisema, "Mimi nilimfukuza bibi yangu juu yako."

Walihama ploti mwisho wa mwezi. Kanisani nilisimama mbele nikasema yote, na Mama mchungaji akasimama kando yangu akasema la kwake. Magunia yalitolewa. Sasa Ijumaa wanasali kanisa kubwa, madirisha wazi, na makoti na mablanketi. Mlangoni anasimama mtu mwingine. Baadhi ya kina mama hawaninunui maziwa tena, na siwalaumu. Usiku naamka nikihisi mtu ananiomba nimpishe mlangoni.

Wewe unayesoma hii ukiwa mhudumu wa mlangoni mahali fulani, nakusihi. Jiko likae nje, hata mvua ikinyesha mawe. Mtu akisema anataka kutoka, mpishe, Mungu atamkuta huko nje. Mtu akianguka, fungua mlango na umwite jina kabla hujatafuta leso. Kichwa kikiwauma watu wengi kwa pamoja, msiendelee kuimba, tokeni. Na kama ulishakosea, mwambie daktari palepale, aibu yako ikiwa bado mbichi, kwa maana nimeona inachofanya ikikaa.

Watu wananiambia Mungu ameshanisamehe, nisijitese. Mtoto wa Nafula hajazaliwa bado, na kila simu ikilia naogopa kuipokea. Juzi nilimwona sokoni, anachagua viazi, tumbo limekua sana. Aliniona pia. Nilisimama nikangoja aseme neno lolote. Alilipia viazi vyake akaenda.